Wote Walizaliwa Tarehe Moja Januari

"Nani mwongo? Mume wangu ndiye mwongo?"

"Dada Kabanyana, shusha sauti. Watu wametoka shifti, wamelala."

"Waamke! Waamke wote wasikie! Wewe nani kakutuma umwandikie mume wa mtu asubuhi yote hii, eti unajua alikokuwa Columbus na aliyekuwa naye?"

Kabanyana alikuwa amesimama kwenye ngazi za ghorofa ya pili, kitenge kimefungwa kifuani juu ya sweta la mtoto wake, soksi za sufu ndani ya malapa. Simu ya mumewe aliishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyekamata panya kwa mkia. Hapo Okolona, kusini mwa Louisville, kuta za nyumba za kupanga ni nyembamba, na kufikia neno "Columbus" milango minne ilikuwa imeshafunguka nusu. Ugomvi wa bure nani asiutake?

Veridiana alikuwa bado na fulana ya njano ya ghala anakopakia maboksi. "Ule ujumbe haukuwa wa Medard," alisema. "Ni kosa la kodi."

"Kodi gani? Ya nyumba?"

"Kodi ya kompyuta. Maandishi yanayoiamrisha mashine."

"Kompyuta nayo siku hizi inalipa kodi!" Kabanyana aliwageukia watazamaji wake. "Mnamsikia? Na mume wangu ameshakiri!"

"Amekiri nini?"

"Siku ile ya mfungo mwaka jana, sisi tumepiga magoti Columbus tangu alfajiri, tumbo limeshikana na mgongo, kumbe yeye na Eliezer wa kwaya wamejificha hotelini wanatafuna mabawa ya kuku! Miaka kumi na minane ya ndoa, Veridiana! Mabawa! Ameusoma ujumbe wako, akatetemeka, akasema mwenyewe."

Nyuma ya mlango mmoja mtu alicheka mpaka akakohoa. Medard alichungulia, akaona macho ya mkewe, akarudisha kichwa ndani kama kobe.

Veridiana hakucheka. Ujumbe ule alikuwa amemwandikia mwanamume mmoja tu chini ya jua, na mwanamume huyo hakuitwa Medard.

Aliitwa Nshuti.

Walikuwa wamekutana Columbus, Julai ya mwaka wa kabla ya huo, kwenye mkutano wa kwaya za vijana. Ukumbi ulifurika, watoto wanakimbizana kati ya viti, akina mama wanapigana vikumbo kwenye foleni ya pilau. Veridiana alivaa gauni la bluu la bahari lililokatwa vizuri mabegani, na alikuwa amebeba sahani mbili, moja yake na moja ya "mgonjwa" asiyekuwepo. Mbele, maneno ya nyimbo yalikuwa yakionyeshwa ukutani kwa kompyuta, na ubeti wa pili ulikuwa unajirudia mara ya nne. Nyuma ya ile kompyuta alikaa kijana mrefu, shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko.

"Kaka, ubeti wa pili tumeshaukariri," Veridiana alimwambia. "Hatuendi mbinguni kwa ubeti mmoja."

Kijana akachukua kipaza sauti. "Ndugu zangu, samahani. Nimekosea mimi."

Watu mia tano, na mwanamume anasema nimekosea mimi! Veridiana aliketi hapo hapo, akampa ile sahani ya mgonjwa.

"Jina lako?"

"Nshuti."

"Maana yake si rafiki? Basi nikikuita, nakuita rafiki tu. Usije ukajiona."

"Haina shida. Nitaanzia hapo."

Yeye alikuwa mtoto wa milima ya Kivu ya Kusini, aliyeletwa Buffalo na shangazi yake. Asubuhi alisoma mambo ya kompyuta kule Amherst, jioni alisafisha madarasa yale yale aliyosomea. Veridiana alikuwa Mrundi aliyezaliwa kambini Tanzania na kukulia huko. Wakapendana kwa simu. "Umekula nini, roho yangu?" "Nimekula maharage, nimekuwaza, nimekula tena." Veridiana alimcheka anavyosema "mulango" badala ya mlango, naye akamfundisha kuandika programu, jioni baada ya jioni, simu ikiwa imeegeshwa kwenye kikombe cha chai. Programu ikigoma, Veridiana alipiga meza. "Mashine hii mjinga!"

"Mashine haina ujinga, mpenzi. Inatii. Inafanya ulichoiambia, si ulichotaka. Kosa litafute kwako kwanza. Badilisha kimoja, halafu tazama. Usibahatishe."

"Unanifundisha kompyuta au unanihubiria?"

"Vyote. Sadaka utatoa siku ya harusi."

Pasaka ya 2015 ilipangwa wazee wakutane Columbus, katikati ya Louisville na Buffalo. Upande wa Nshuti ungekuja na msemaji wake kupiga hodi rasmi. Upande wa Veridiana ungepokea. Siku hiyo hiyo kwaya zote zilikuwa na mkutano, na Veridiana ndiye aliyeandika programu ya kuwatumia watu ujumbe kwa namba ya kwaya. Aliiandika peke yake kwa mafunzo ya maktabani, hakumwuliza Nshuti. Alitaka amshangaze. Siku mbili kabla, ukumbi ukabadilishwa. Akabonyeza, mashine ikatuma, akalala akitabasamu.

Jumapili mama yake, Angelika, alipika kuanzia alfajiri. Shangazi zake walivaa imvutano mpya, vile vitambaa vya sherehe vya kufunga begani, wakakaa mstari mmoja kama watu wanaongoja kupigwa picha. Simu za waimbaji zilikuwa kikapuni kwa mwalimu wa kwaya. Saa sita ikapita. Saa nane. Saa tisa wali ukaganda. Shangazi mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika Kentucky nzima, "Labda amepata mwenye shepu."

Jioni alipowasha simu alikuta ameitwa mara tisa. Akapiga akiwa amewaka moto.

"Uko wapi?"

"Nilikuja, Veridiana! Na wazee! Tumekuta mlango umefungwa!"

"Ukumbi umebadilishwa, nimewatumia watu wote."

"Mimi sijapata kitu."

"Watu wote wamepata, wewe tu ndiye hukupata? Mashine haidanganyi, Nshuti. Wewe ndiye unayedanganya."

Ikaja sauti ya baridi ambayo hakuwahi kuisikia: "Usinipigie tena."

Veridiana hakupiga. Alifunga namba yake, akafunga na moyo. Lakini kisasi hakilali njaa. Kila boksi alilolipakia ghalani alilibamiza kama kwamba yumo ndani. Aliendelea kujifunza programu maktabani, si kwa mapenzi tena bali ajue siku moja kumpiga mtu huyo kwa silaha yake mwenyewe. Novemba, aliposikia kwaya zitakutana tena, akaandika programu mpya. Aliapa namba yake haitalia tena kwenye simu ya Nshuti, basi ujumbe ungetoka kwa namba ya kwaya, aliyoishika yeye, asubuhi, ukitie kiamsha kinywa chake mchanga: *Wewe uliyenisimamisha Columbus, najua ulikokuwa na uliyekuwa naye. Nitasema mbele ya watu wote.*

Hakujua lolote. Alitaka tu atetemeke. Hakuijaribu kwanza, akabonyeza.

Sasa Medard ndiye aliyetetemeka.

Kabla Kabanyana hajamaliza pumzi ya pili, simu ya Veridiana ililia. Namba ya Buffalo.

"Allo. Ni weye Veridiana?" Kilikuwa Kiswahili cha Kongo, chenye Kifaransa ndani.

"Ni mimi. Shikamoo."

"Bon. Miye ni Nyirangabo, shangazi ya Nshuti. Nimeona message yako. Donc, basi ni miye nilikusimamisha Columbus?"

"Mama, ile haikuwa yako..."

"Nyamaza, nikuambie nani alisimama. Miye nilisimama masaa tatu kwa ile parking, na hii muguu yangu ya sukari, na muzee Rugaba mwenye alikuwa musemaji wetu, amevaa koti ya harusi ya mutoto wake. Nshuti anazunguka ile nyumba kama mwizi, anagonga madirisha. Mulango ina kufuli. Hakuna hata muntu moja wa kutuambia karibu. Kwetu hata imbwa ya jirani ikifika saa ya kula inatupiwa mufupa. Na leo unaniandikia miye ndiye nilikusimamisha!"

Simu ikakatwa.

Sauti ya mama yule ilikuwa imejaa ngazi nzima, na Kabanyana aliisikia yote.

"Kumbe walikuja," alisema taratibu.

Veridiana aliingia ndani, akafunga mlango, akaweka kompyuta mezani bila kuvua viatu.

Kwanza alifanya kama anavyofanya kila mwenye hasira. Akabadilisha mistari mitano kwa mpigo. Programu ikakataa hata kufunguka. Akailaumu kampuni ya simu, akamlaumu aliyeandika orodha, na aliyeandika orodha alikuwa yeye. Kisha, bila kuiomba, ile sauti ikamjia: badilisha kimoja, halafu tazama. Akang'ata meno. Kutii maneno ya mtu unayemchukia kunauma kuliko jino.

Akarudisha yote kama yalivyokuwa. Akaufunga mdomo mstari ule unaotuma, usije ukamwaga sumu tena. Halafu chini ya mstari unaochagua mtu akaongeza amri moja tu: chapisha jina la uliyemchagua.

Alitarajia jina moja. Kioo kikateremsha majina kama mvua. *Rugaba. Nyirangabo. Nshuti. Eliezer... Medard.* Arobaini na moja. Akaongeza amri ya pili: chapisha na tarehe ya kuzaliwa.

*1 Januari. 1 Januari. 1 Januari.*

Alitazama mpaka herufi zikacheza. Kwenye mafunzo yale ya maktabani walisema: tafuta kitu kimoja cha kumtambulisha mtu. Majina aliyaogopa, maana waandikishaji wa kambini waliyaandika walivyoyasikia, Nshuti peke yake yuko kwa namna tatu. Akaona tarehe ya kuzaliwa, na siku na mwezi vinamtosha. Yeye mwenyewe alikuwa na kadi ya kliniki ya kambi, tarehe kumi na saba Agosti, imeandikwa kwa kalamu ya nesi. Lakini waliokimbia milimani bila karatasi waliulizwa mwaka tu, na siku wakapewa ya bure, kila mtu tarehe moja Januari. Nshuti mwenyewe alikuwa akitania: "Siku yangu ya kuzaliwa tunaisherehekea na taifa zima la wakimbizi. Mama alisema nilizaliwa wakati wa kung'oa maharage. Tafuta hiyo kwenye kalenda." Naye alikuwa amemjibu, "Basi nakupa siku tuliyokutana, tarehe kumi na mbili Julai." Mzaha huo aliujua siku zote. Hakuwahi kuupeleka mezani kwenye programu.

Ndipo akakumbuka. Kipande kile hakukiandika upya. Alikikata kutoka kwenye programu ya Pasaka.

Akaifungua ile ya zamani. Humo kila tarehe ilikuwa kama kiti. Mtu anaingia, anakalishwa kwenye kiti cha tarehe yake. Akaiamuru iseme kila inapomkalisha mtu. Kiti cha tarehe moja Januari akakaa Rugaba. Akaja Nyirangabo, akaketi pale pale, Rugaba akaanguka. Akaja Nshuti, Nyirangabo akaanguka. Mmoja juu ya mwingine, na mashine haikulalamika hata mara moja, ilitii. Mwisho akaketi Medard. Ujumbe wa watu arobaini na mmoja aliupata Medard peke yake. Ndiyo maana watu wa Louisville hawakupotea. Medard ndiye aliyeendesha gari lao. Basi la Buffalo nalo lilikuwa na wengine wenye tarehe zao. Wa Columbus walikuwa kwao. Aliyekuja na gari lake, na wazee wake, na suti yake, ndiye aliyekuta kufuli.

Mashine haidanganyi. Ndivyo alivyomwambia.

Miezi saba alikuwa amenoa kisu, sasa alikitazama na hakujua amchome nani. Alilia kwa hasira, si kwa huruma, hasira ya mtu aliyemfukuza mwizi usiku kucha akamkuta ni kivuli chake.

Akampigia Nshuti. Haikupokelewa. Mara tisa. Alihesabu: tisa, kama zile zake.

Mlango ukagongwa. Kabanyana, mikono kiunoni. "Nini kimetokea? Usinifiche, nitajua tu." Akaelezwa. Akasikiliza akiwa ameketi, baadaye akiwa amesimama, mwisho akashika kichwa. "Arobaini na moja! Mpaka mzee Rugaba! Veridiana, hii haiombewi msamaha kwa simu. Medard!"

"Naam!" sauti ikajibu kupitia ukutani.

"Jumamosi unatupeleka Buffalo. Hiyo ndiyo toba yako!"

"Lakini dada," Veridiana alisema, "msichana haendi nyumbani kwa mwanamume kupiga hodi. Watu watasema."

"Nani atasema? Mimi ndiye ninayesemaga, na nitakuwa nawe garini."

Waliondoka alfajiri. Columbus walipita saa tatu asubuhi, na Veridiana akaomba wasimame mbele ya ule ukumbi wa kwanza. Lami tupu, hakuna benchi, hakuna mti, hata ukuta wa kuegemea uko mbali. Kufuli bado liko mlangoni. Alisimama pale dakika tano na miguu yake mizima ikamuuma.

Buffalo, kwenye mtaa mmoja mfupi nyuma ya barabara ya Bailey, theluji ya kwanza ilikuwa ikianguka nyembamba kama unga wa muhogo. Veridiana alivaa lile gauni la bluu la bahari chini ya koti. Kabanyana alibisha, maana mdomo wake haujawahi kuogopa mlango. Nyirangabo alifungua, mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani na fimbo mkononi. Harufu ya isombe, kisamvu cha kwao, na mawese ikatoka kabla yake.

"Weye ni nani?"

"Kabanyana wa Louisville, mama. Na huyu Medard, mla mabawa."

"Ingieni. Kuna baridi." Wakaingia. Fimbo ikashuka mbele ya Veridiana kama kizuizi cha mpakani. "Na weye?"

"Ni mimi Veridiana. Mama, nimekuja kuomba..."

"Unajua kusimama?"

"Ndiyo, mama."

"Bon. Simama." Mlango ukafungwa.

Alisimama. Kupitia dirishani alisikia sahani, alisikia Kabanyana akisimulia kwa mikono na miguu, akasikia kicheko. Robo saa. Nusu saa. Vidole vya miguu vikapotea kimoja kimoja. Asingeondoka. Kama ni deni, basi alilipe lote.

Gari dogo jekundu likaegeshwa. Nshuti alishuka na sare yake ya usafi, akamwona, akapanda ngazi zile tatu akipita karibu kabisa kiasi cha Veridiana kunusa sabuni yake, kama vile pale hakuna mtu.

"Usinisemeshe," Veridiana alisema haraka, akimsukumizia karatasi. "Soma tu."

Akaichukua bila kumtazama. Mlango ukafungwa mara ya pili.

Ilikuwa programu ya Pasaka, imechapishwa, na chini yake majina arobaini na moja, kila moja na neno *ameanguka*, isipokuwa Medard. Mstari wenye kosa Veridiana alikuwa ameuzungushia kalamu nyekundu, akaandika pembeni: *Nimekosea mimi.*

Mlango ulipofunguka tena, Nshuti alitoka peke yake, karatasi mkononi.

"Nilijiapiza," alisema. "Siku ukija nitakupita kama mti."

"Umenipita."

"Sikusikia raha niliyoitegemea." Akatazama karatasi. "Uliwakalisha wote kiti kimoja."

"Ndiyo."

"Ulijuaje?"

"Niliiamuru iseme kila inachoshika. Mstari kwa mstari."

"Ulibadilisha kimoja kimoja?"

"Mwanzoni vitano."

Mdomo wake ulicheza, akauzuia. "Kwa nini hukuniuliza toka mwanzo?"

"Nilitaka unisifu."

Theluji ilimwangukia Nshuti kwenye nyusi. Akainamisha kichwa. "Na mimi ninayekufundisha kutafuta kosa, sikutafuta. Swali moja tu lingetosha: unawatambulisha watu kwa kitu gani? Ningejua hapo hapo. Lakini shangazi alikuwa analia ndani ya gari, nikataka na wewe ulie."

"Nililia. Furahi."

"Nimefurahi. Kidogo." Akasogea. "Umeirekebisha?"

"Kila mtu nimempa namba yake. Hakuna wa kumkalia mwenzake."

"Mimi ni namba ngapi?"

"Moja."

"Hata kabla ya mzee Rugaba?"

"Na tarehe yako nimeibadilisha. Kumi na mbili Julai. Mashine haikubisha, inatii."

Sasa alicheka kweli, kile kicheko cha nyuma ya kompyuta, akamshika vidole vilivyokuwa kama vijiti vya barafu. "Nitakuja Louisville na musemaji. Utatutumia ujumbe mulango uko wapi?"

"Mlango," alimsahihisha, meno yanagongana. "Sitatuma. Nitasimama barabarani mwenyewe nikuonyeshe kwa kidole."

"Nshuti!" Sauti ilitoka ndani. "Ile mutoto angali anasimama?"

"Anasimama, shangazi."

"Ni masaa ngapi?"

"Moja na nusu."

Fimbo ikasikika ikija, tok, tok, mpaka mlangoni. Nyirangabo alimtazama Veridiana kutoka kichwani mpaka viatu vilivyolowa, kwa starehe, bila haraka, kama mtu anayemalizia soda. Nyuma ya bega lake Kabanyana alinyoosha shingo asikose neno.

"Miye nilikuwa na yangu tatu," alisema. "Lakini yangu ilikuwa ya jua. Moja na nusu ya theluji... bon. Tumeenea, deni imekwisha." Akaiondoa fimbo mlangoni. "Vua viatu, mutoto. Nawa mikono. Karibu ukule."